Anza na Kichwa cha Nati: Kuchagua Spana Maalumu na Soketi za Impakti kwa Kazi ya Magari

Kwenye sanduku langu la vifaa nimetunza kipande cha soketi namba 21 kinachong'aa kama kioo (namba ni upana wa kichwa cha nati kwa milimita). Kilipasuka kwenye gereji niliyokuwa najifunzia kazi, siku tunafungua nati za tairi za Prado. Soketi nyeusi ya impakti, yaani ya mashine inayofungua kwa vipigo, haikuonekana, mwenzangu akachomeka ile ya kawaida ya mkono kwenye mashine ya upepo. Nati tatu zikatoka bila shida. Ya nne ikagoma, akaendelea kubonyeza swichi, na soketi ikapasuka kwa mlio mkali kama jiwe limetua juu ya bati. Kipande kimoja kilimchana juu ya nyusi. Sentimita mbili chini ya hapo ni jicho.

Hakuna aliyekuwa ametueleza kwamba soketi mbili za namba moja, zinazoingia nati ileile, zinaweza kuwa vyombo viwili tofauti kabisa. Naandika mwongozo huu kwa fundi anayejikusanyia vifaa kidogo kidogo, na kwa mwenye gari anayependa kujifanyia kazi nyumbani. Mpangilio wangu ni huu: kwanza kichwa cha nati au bolti, kisha nafasi ya kukifikia, kisha nguvu inayohitajika. Chapa na bei zinakuja mwisho. Wengi tunaanza na bei, ndiyo sababu masanduku yetu yamejaa spana ambazo hazijawahi kugusa gari.

Hatua ya 1: Orodhesha magari unayoyashika kweli

Chukua daftari, andika magari kumi ya mwisho uliyoyatengeneza. Kwa fundi wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, mengi yatakuwa ya Kijapani yaliyoingia nchini yakiwa yameshatumika. Gari la Kijapani lina namba zake: 8, 10, 12, 14, 17, 19, 21. Unaweza kushusha injini nzima ya Toyota bila kuitafuta namba 13. Ukihamia kwenye Volkswagen, Mercedes au BMW, hapo 13, 15, 16 na 18 ndizo utakazozihitaji kila saa.

Nati za tairi nazo zinafuata mtengenezaji. Toyota ndogo na za kati, Nissan, Mazda na Mitsubishi kwa kawaida ni namba 21. Honda, Subaru na Suzuki ni 19. Magari ya Kijerumani mengi hayana nati, yana bolti za namba 17. Land Cruiser kubwa za V8 zina nati nene zaidi, namba 22. Malori ni dunia nyingine: Fuso na Isuzu za mfumo wa zamani wa tairi mbili nyuma zina nati ya nje ya namba 41 na ndani yake kichwa cha mraba cha milimita 21, wakati malori ya Ulaya kama Scania yana namba 32 au 33 na hukazwa kwa nguvu ya takribani Nm 600 (Nm, nyutonimita, ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha).

Daftari hilo ndilo linalokuambia ununue nini. Seti ya vipande mia na zaidi kwenye kisanduku cha plastiki inavutia macho, lakini hesabu ndani yake ni vipande vingapi utakavyotumia wiki hii. Mara nyingi havifiki 20. Kwa pesa hiyohiyo ungepata soketi kumi nzuri, racheti imara (mpini wa meno wa kuzungushia soketi) na ekstensheni mbili za kurefushia. Namba 10 nunua tatu kabisa. Hiyo ndiyo inayoshika vifuniko, klipu za betri na sensa, na ndiyo inayodondoka kwenye kava ya chini ya injini na kuondoka na gari la mteja.

Hatua ya 2: Kisome kichwa kabla ya kushika chombo

Soketi ya pembe 6 inaushika ubavu wa nati. Ya pembe 12 inashika karibu na kona. Kwa bolti safi iliyo sehemu yenye nafasi finyu, pembe 12 ni msaada, maana unaipata kila ukizungusha nyuzi 30. Kwa bolti yenye kutu, pembe 12 ndiyo njia ya haraka ya kukila kichwa. Kanuni yangu ni rahisi: chochote kilicho chini ya gari, pembe 6 tu. Isipokuwa pale nati yenyewe imetengenezwa kwa pembe 12, kama zilivyo baadhi ya nati za draivshafti (shafti inayozungusha tairi) za Toyota za miaka ya karibuni. Piga magoti, washa tochi, hesabu pembe kwanza.

Kichwa kinachowatesa mafundi wetu bila wao kujua ni skrubu ya msalaba. Tunadhani msalaba ni msalaba. Skrubu za magari na pikipiki za Kijapani zilitengenezwa kwa kiwango cha Japani, JIS, na si kile cha Phillips kilichotoka Marekani. Ukiitazama skrubu ya JIS kwa karibu, mara nyingi utaona kinukta kidogo kimegongwa kwenye kona mojawapo ya msalaba. Kona za ndani za JIS ni kali na mashavu yake yanashuka karibu wima, ilhali ncha ya Phillips ina mviringo kwenye mikunjo yake. Kwa hiyo bisibisi ya Phillips haifiki chini kabisa. Inakaa juu juu, ukizungusha inapanda na kuruka nje, na kila ikiruka inaondoka na chuma kidogo. Mara tatu, kichwa kimekwisha, unaanza kutafuta drili.

Tafuta bisibisi za JIS, namba 2 na namba 3. Vessel ya Japani ni chapa inayojulikana kwa hizo, na nyingine huja kwenye mizigo ya vifaa vilivyotumika kutoka hukohuko. Bisibisi ya JIS inaingia vizuri hata kwenye skrubu ya Phillips, kwa hiyo hupotezi kitu. Pamoja nayo nunua bisibisi ya kugonga, ile nzito ya chuma ambayo ukiipiga nyundo kitakoni inageuka kidogo yenyewe. Diski za breki za Honda zimeshikwa na skrubu mbili bapa za msalaba namba 3, na bila chombo hiki utakesha nazo. Namna ya kuitumia: safisha tundu la skrubu kwa msumari mpaka uone chuma, chomeka biti, geuza mpini kwa mkono kuelekea upande wa kufungua mpaka uone umebana, kisha piga pigo moja zito kwa nyundo ya kilo moja. Vipigo vyepesi vingi havifanyi kazi. Pigo linasukuma biti chini na kuigeuza kwa wakati uleule, na hapo ndipo kutu inapoachia.

Kwa magari ya Ulaya, jihadhari na mapacha wawili: Torx, nyota ya ncha 6, na XZN, nyota ya ncha 12 inayopatikana sana kwenye bolti za draivshafti za Volkswagen na Audi. Ukiingiza Torx kwenye XZN itaonekana imekaa, halafu itazunguka na kuacha tundu la mviringo. Toa vumbi, hesabu ncha. Upo pia mtindo wa nyota iliyogeuzwa, ambapo bolti yenyewe ndiyo nyota na soketi inaivaa. Namba zake huanza na herufi E.

Hatua ya 3: Itambue soketi ya impakti ya kweli

Soketi za mkono zinazong'aa kwa kawaida ni chuma cha kromu na vanadi, maandishi yake ni Cr-V. Ni chuma kigumu, kinaruhusu ukuta mwembamba unaoingia sehemu finyu. Ugumu huo ndio unaokifanya kivunjike kikipigwa vipigo vingi vya ghafla. Soketi ya impakti hutengenezwa kwa chuma cha kromu na molibdeni, Cr-Mo, kinachovumilia mshtuko: kikizidiwa huwa kinapanuka au kupata ufa kabla ya kurusha vipande. Ukuta wake ni mnene. Uso wake ni mweusi usiong'aa kwa sababu haupakwi kromu, maana ngozi ya kromu hubanduka kwa vipigo na kuwa wembe.

Shida ni kwamba rangi nyeusi inapakwa na yeyote. Nilikwenda Gerezani, pale Kariakoo, kutafuta namba 19 ndefu. Kijana wa dukani akanipa moja nyeusi nzuri.

"Hii ni impakti kabisa, kaka. Original."

"Nipe na ile nyingine ya bei ya juu niziweke pamoja."

Nikaziweka mkononi. Ile ya kwanza ilikuwa nyepesi. Nikaikwaruza kwa sarafu karibu na mdomo, rangi ikatoka kama ganda, chini ikameremeta. Ilikuwa soketi ya mkono iliyopuliziwa rangi. Kijana mwenyewe alishangaa. Naye alikuwa ameletewa hivyo.

Ukiwa dukani, angalia mambo haya kwa mpangilio. Kwanza tundu la pembeni, upande unaochomekwa kwenye mashine. Soketi nyingi za impakti zina tundu linalopita ubavu hadi ubavu na mfereji unaozunguka nje, kwa ajili ya pini na ringi ya mpira inayozuia soketi isiruke. Soketi ya mkono haina mfereji huo. Pili, tazama mdomo wa soketi kwa juu: ukuta uwe na unene sawa pande zote. Ukiwa mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine, itapasukia pale pembamba. Tatu, beba nati mpya mfukoni. Ichomeke, itikise. Nati icheze kidogo sana. Ikicheza kama jino bovu, iache soketi hiyo. Nne, soma maandishi yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Herufi za Cr-Mo na namba ziwe zimezama na zinasomeka. Kibandiko cha karatasi hakithibitishi chochote.

Umbo nalo lina maana. Soketi fupi kwa bolti zenye nafasi, ndefu kwa nati zenye stadi (msumari wa thredi ambao nati inauvaa) inayochomoza. Kwa rimu za aloi kuna soketi ndefu zenye ukuta mwembamba na gamba la plastiki nje, kwa namba 17, 19 na 21. Ninaziheshimu sana hizi, kwa sababu mteja anaweza kusahau kwamba ulimtengenezea breki, lakini hasahau mkwaruzo kwenye rimu. Gamba likichanika, libadilishe au staafisha soketi hiyo kwenye kazi ya rimu.

Kuhusu ukubwa wa mraba, lile tundu la nyuma la soketi linaloingia kwenye racheti au mashine: robo inchi na tatu ya nane (3/8) ya inchi kwa kazi za ndani ya injini, nusu inchi kwa tairi na miguu ya gari, robo tatu na inchi moja kwa malori. Fundi wa magari madogo aanze na seti ya nusu inchi yenye 14, 17, 19, 21 na 22, aongeze 30 na 32 ndefu kwa ajili ya draivshafti. Seti ya tatu ya nane yenye 10, 12 na 14 ifuate baadaye.

Hatua ya 4: Amua nguvu itoke wapi

Fanya hesabu kabla ya kununua mashine. Nati ya draivshafti ya Corolla nyingi hukazwa kwa Nm 216. Mtu akining'iniza uzito wa kilo 40 kwenye ncha ya pawabaa (mpini mrefu wa kufungulia soketi) ya sentimita 60 anatoa takribani Nm 235. Kwa hiyo pawabaa nzuri inatosha kwa nati ambayo haijashika kutu. Magari yaliyoishi kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huja na miguu iliyokauka kwa kutu, na gari la Tanga au Lamu linalolala karibu na bahari haliko mbali na hali hiyo. Nati ya hapo inaweza kudai mara mbili ya kipimo chake.

Impakti inashinda kutu kwa njia yake. Ndani yake kuna nyundo inayozungushwa na mota, ikipata kasi inagonga nguzo iliyoshika soketi, inaachia, inagonga tena, mara nyingi kwa sekunde. Mkono wako hausikii msokoto mkubwa kwa sababu kila pigo ni fupi mno. Lishike wazo hili la pigo, maana karibu ushauri wote unaofuata unatokana nalo.

Mashine ya upepo ni nyepesi, inadumu miaka, na haiogopi joto. Lakini inakula upepo. Watengenezaji wengi hupima nguvu zao kwa presha ya psi 90, sawa na baa 6.2, ikipimwa pale mashine inapochomekwa, huku inafanya kazi. Mpira mwembamba wa mita 15 na kompresa ndogo ya kupulizia vumbi vitakupa nusu ya nguvu iliyoandikwa kwenye boksi, kisha utailaumu mashine bure. Tumia mpira wenye tundu la ndani la milimita 10 au zaidi. Mwaga maji ya tangi la kompresa kila jioni, hasa ukiwa pwani, na utie matone mawili ya mafuta ya vifaa vya upepo kabla ya kuanza kazi.

Mashine ya betri imeniokoa mara nyingi umeme ulipokatika na pale gari lilipoharibikia Chalinze. Ukisoma boksi lake utakuta namba mbili: nguvu ya kufungua na nguvu ya kukaza. Ile ya kufungua ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa. Linganisha mashine mbili kwa ile ndogo. Kwa saluni na pikapu, mashine ya volti 18 isiyo na brashi yenye Nm 400 hadi 600 za kukaza inafanya karibu kila kazi, na uzito wake unakuruhusu kuinua mikono chini ya gari. Zile za Nm 1000 na zaidi ni nzito na ni kubwa, haziingii nyuma ya shokapu. Kabla ya mashine, chagua familia ya betri utakayobaki nayo, kwa sababu baada ya miaka miwili utanunua grainda na drili zinazotumia betri hizohizo. Betri za kuigiza ziache. Nyingi huonyesha uwezo mkubwa kwenye kibandiko, na impakti ikivuta nguvu zinazima katikati ya kazi.

Hatua ya 5: Viungo vya kati ndivyo vinavyomeza nguvu

Ekstensheni ndefu hujipinda kama springi. Kila pigo la nyundo linatumika kwanza kuipinda, na kinachofika kwenye nati ni masalio. Kwa hiyo tumia ekstensheni fupi kuliko zote inayokufikisha, na moja yenye urefu kamili ni bora kuliko mbili zilizounganishwa. Yunivesali jointi, kile kiungo kinachokunja kona, inameza zaidi. Ikiwa lazima, chukua ile ya impakti iliyofungwa kwa pini, na usiizungushe ikiwa hewani haijashika nati, maana itapepea na kukupiga vidole. Adapta ya kushusha kutoka nusu inchi kwenda tatu ya nane kwenye mashine kubwa ni njia ya kukata ekstensheni ya tatu ya nane.

Wazo hilohilo la pigo linaeleza soketi moja ya ajabu: namba 19 yenye kichwa kinene kizito, kwa ajili ya bolti ya puli ya krenki ya Honda. Uzito ulioongezwa kwenye soketi hubeba pigo na kulifikisha lote kwenye bolti. Bolti hiyo hujikaza sana kwa miaka, na puli yake ina tundu la pembe 6 la milimita 50 katikati kwa ajili ya chombo cha kuizuia isizunguke. Ukiwa na Honda tatu kwa mwezi, nunua vyote viwili.

Hatua ya 6: Vifaa maalumu, kwa mpangilio ambao ningevinunua tena

Kwanza kabisa, spana ya nati za paipu za breki, namba 10. Ni kama ringi spana iliyokatwa mdomo ili ipite kwenye paipu, inashika pande tano badala ya mbili. Nati hizo ni laini, spana ya kawaida ya mdomo wazi inazila, na hapo kazi ya kubadilisha mpira wa breki inageuka kuwa kazi ya kutengeneza paipu mpya. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na paipu moja.

Kisha chombo cha kutenganisha bolijointi na taerodi, vile viungo vya miguu ya mbele na usukani. Kuna uma wa kugonga na kuna ule wa mkasi unaobana kwa bolti. Uma unachana mpira wa kuzuia vumbi karibu kila mara, kwa hiyo utumie tu pale bolijointi yenyewe inatupwa. Mkasi unabana taratibu, jointi inachomoka kwa mlio mmoja, mpira unabaki mzima. Acha nati ikiwa imeshika thredi chache wakati unabana, ili mkono wa gari usiruke.

Soketi za plagi: namba 16 kwa injini nyingi za Toyota za zamani kidogo kama 1NZ na 1ZZ, na 14 yenye ukuta mwembamba kwa mpya. BMW nyingi za karibuni zinataka 14 ya pembe 12. Yenye sumaku ndani ni bora kuliko ya mpira, kwa sababu mpira hubaki kisimani pamoja na plagi. Sensa ya oksijeni inataka soketi namba 22 yenye mpasuo ubavuni wa kupitisha waya. Ifungue injini ikiwa na joto kidogo. Spana za chujio la oili, zile za kikombe, chagua kwa kipenyo na idadi ya mikunjo: vichujio vingi vya Toyota ni milimita 64 au 65 na mikunjo 14. Chukua ya aloi iliyotupwa, ya bati hupanuka na kuanza kuteleza.

Puli ya krenki isiyotoka kwa mkono itolewe kwa pula (chombo cha kuvutia) inayovuta kitovu, kwa bolti zinazoingia kwenye matundu yake. Puli nyingi zina ukanda wa mpira kati ya kitovu na ukingo wa nje, na pula ya kucha tatu ikivuta ukingo inautenganisha mpira. Gari litaondoka gereji, na wiki mbili baadaye mkanda unaruka.

Breki za nyuma zenye handibreki ndani ya kalipa zinataka pistoni izungushwe huku ikisukumwa, kwa hiyo ukiibana kwa klampu utaharibu utaratibu wa ndani. Seti ya kuzungushia pistoni si ghali na inadumu.

Soketi za kutolea nati zilizoliwa, zile zenye mikunjo ya kuzunguka ndani, nunua za impakti. Igonge kwa nyundo mpaka ikae, ndipo ufungue. Usizitumie kwenye nati unayotaka kuirudisha.

Nimeacha klampu za springi kwa makusudi niziseme kwa kirefu. Springi ya shokapu ya mbele iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya. Klampu za bei ya chini zina kulabu moja kila upande na bolti nyembamba yenye thredi mbovu. Nunua zenye kulabu mbili kila upande na pini ya kuzuia zisiteleze. Paka thredi grisi. Ziweke zikikabiliana kabisa, moja huku na nyingine kule, zishike mizunguko mingi ya springi iwezekanavyo. Kaza kwa spana ya mkono, mizunguko michache upande huu, michache upande ule. Usitumie impakti hapa: joto na kasi vinakula thredi za klampu, na hutaona ikianza kuachia. Usisimame mbele ya ncha ya springi. Kama mwezi wako una kazi moja tu ya aina hii, azima au lipia mashine ya ukutani kwa fundi mwenye nayo. Kwenye kifaa hiki sikubali kubana matumizi.

Hatua ya 7: Kilichofungua kisikaze

Hapa ndipo gereji zetu nyingi zinapowaumiza wateja. Impakti inafungua vizuri, basi inaachwa ikaze. Nati ya tairi ya Corolla inataka Nm 103. Mashine ya nusu inchi inavuka hapo kwa sekunde mbili au tatu, na hakuna sikio linaloweza kuhesabu. Matokeo ni stadi zilizovutika, diski iliyopinda, na mama aliyepata pancha usiku njia ya Bagamoyo asiyeweza kufungua nati kwa spana ya gari lake.

Nunua spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza na kutoa mlio wa "tak" ikifika. Utahitaji mbili: ya nusu inchi yenye Nm 40 hadi 200 kwa tairi na miguu, na ndogo ya tatu ya nane inayoanzia Nm 10 au chini yake kwa plagi na vifuniko. Chagua ambayo kipimo chako cha kila siku kiko katikati ya kiwango chake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinataka aina hii isikosee zaidi ya asilimia 4 kwa vipimo vya zaidi ya Nm 10, na kupimwa upya kila baada ya miezi 12 au mikazo 5000. Cheti cha kipimo chenye namba ya spana yenyewe ni ishara nzuri kuliko chapa maarufu bila cheti.

Utaratibu wenyewe: anza nati kwa mkono mizunguko mitatu, ilaze kwa racheti au kwa mashine kwenye spidi ya chini kabisa, shusha gari tairi iguse chini, kisha kaza kwa mtindo wa msalaba mpaka mlio. Mlio mmoja unatosha. Thredi ziwe kavu na safi, kwa sababu grisi hupunguza msuguano na stadi huvutika kupita kipimo. Spana hii usifungulie nati nayo, na jioni irudishe kwenye kipimo chake cha chini kabisa kabla ya kuilaza.

Vijiti vya toki, zile ekstensheni za rangi zinazofungwa kwenye impakti, hujipinda vikifika kipimo fulani ili visikaze zaidi. Ninavitumia kulaza nati kwenye gari nyingi za siku, lakini hitimisho ni la spana ya mkono, kwa sababu mashine yenye nguvu zaidi ya ile iliyokusudiwa hubadilisha matokeo ya kijiti.

Vipimo vidogo ndivyo vinavyosahaulika. Bolti ya kumwagia oili ya Toyota nyingi ni takribani Nm 37. Kifuniko cha plastiki cha chujio la ndani ni Nm 25. Bolti za hedi za 1NZ-FE hukazwa Nm 29, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena, kwa hiyo hata spana ya toki peke yake haitoshi. Unahitaji kipimo cha pembe au alama ya rangi kwenye kila kichwa. Tafuta kitabu cha injini husika, uandike vipimo kwenye daftari lilelile la hatua ya kwanza.

Hatua ya 8: Pesa ianze wapi

Kama una pesa kidogo, mpangilio wangu ni huu: miwani ya kazi, pawabaa, soketi za impakti za namba zako, spana ya toki, spana ya paipu za breki, bisibisi za JIS. Mashine ya impakti ije baada ya hapo. Wengi wananunua mashine kwanza, wanabaki bila pesa ya soketi, na hapo ndipo ile ya mkono inapochomekwa.

Usidharau vifaa vilivyotumika kutoka Japani. Kwenye maduka ya Kariakoo, Kirinyaga Road ya Nairobi na mitaa ya spea Kampala, hupatikana spana za KTC, Tone na Koken zenye mikwaruzo lakini midomo yake bado imenyooka. Mbili za aina hiyo zina thamani kuliko seti mpya isiyojulikana. Tazama mdomo kama umepanuka, zungusha racheti karibu na sikio usikilize meno, na kataa chochote kilichochomelewa.

Kila Jumamosi mimi humwaga soketi zote za impakti juu ya gunia, nazifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na kuzitazama kwa tochi kwenye kona za mraba wa nyuma. Ufa huanzia pale, mwembamba kama unywele. Soketi yenye ufa naikata kwa grainda kabla ya kuitupa, ili asije mtu akaiokota na kuirudisha kazini. Na wakati mashine inafanya kazi, glavu ya kitambaa isiguse soketi inayozunguka: uzi mmoja ukinasa, kidole kinaufuata.